Roboti la mjomba kutoka Muscat: usimpe fundi rangi

Msomaji wa Mji wa Kale, Mombasa, ameniandikia hivi: "Assalaam alaykum, mwalimu. Marehemu mjomba wangu alifanya kazi Muscat miaka mingi, na aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuja na roboti la kuchezea la Grendizer, yule wa katuni ya Kijapani. Ni zito, urefu wake hauzidi kiganja changu. Ngumi moja haipo, ncha ya pembe imekatika, miguuni linatoa unga mweupe kama chumvi na rangi imeanza kuvimba. Fundi wa kupaka magari rangi ameniambia ataikwangua yote alipake upya, litoke kama jipya. Rafiki yangu naye ananiambia nisijisumbue, katuni zile zilikuwa matangazo tu ya kuwauzia watoto vichezeo. Je, ni la asili? Lina thamani? Nimpe fundi? Na nikitaka kuanza kukusanya maroboti haya, nianzie wapi?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu, na Mungu amrehemu mjomba wako. Maswali ni manne, ila moja lina haraka kuliko mengine, kwa hiyo nalianza hilo. Usimpe fundi. Kama umeshampelekea, nenda kalichukue leo.

Sisemi hivyo kwa kumdharau fundi. Kazi yake ni mabati ya gari, na bati la gari limezaliwa lipakwe na kupakwa tena. Roboti lako ni kitu kingine kabisa. Mwili wake, kama ni lile ninalolidhani, ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na viungo vingine ni plastiki. Thina itakayong'oa rangi kwenye zinki ndiyo hiyo hiyo itakayolainisha plastiki ya kichwa na pembe mpaka zipoteze umbo. Msasa utakula kingo za kifua na mistari midogo iliyochongwa kwenye kalibu miaka hamsini iliyopita, na mistari hiyo hairudi. Halafu rangi ya kiwandani ikishaondoka imeondoka na ushahidi wa wapi na lini roboti lilitengenezwa. Mkusanyaji yeyote makini atalipenda roboti lenye mikwaruzo ya mtoto aliyelichezea kuliko lenye rangi mpya inayong'aa ya mtu asiyejulikana.

Kosa la aina hii mimi mwenyewe nimelifanya, na bado linaniuma. Nilipoanza kukusanya nilipata Mazinger Z, roboti jingine la katuni za Kijapani, mdogo wa chuma mwenye unga mweupe kama wako. Nikakumbuka jinsi siki inavyosafisha sufuria, nikaitumbukiza miguu yake kwenye bakuli la siki nikaenda kuswali. Niliporudi vipovu vilikuwa vinapanda juu kama soda iliyofunguliwa. Siki ni asidi, na asidi inaila zinki. Unga uliondoka kweli, na ngozi ya chuma ikaondoka nao. Miguu ikabaki ya kijivu, yenye vishimo kama jiwe la kusugulia nyayo. Lile roboti ninalo mpaka leo, nimelitenga peke yake, na kila anayenijia na wazo la siki, limau au magadi namwonyesha.

Sasa tuutazame unga wenyewe, kwa kuwa kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali na dawa zake ni tofauti. La kwanza ni kutu nyeupe. Zinki haishiki kutu nyekundu kama chuma cha kawaida. Ikikutana na unyevu, hewa na chumvi hutoa unga mweupe, na unga huo ukiingia chini ya rangi unaiinua mpaka inavimba. Kwa nyumba ya Mji wa Kale, ambako upepo wa bahari unaingia dirishani asubuhi na jioni, ningeshangaa kama roboti la zinki lingekaa miaka arobaini bila kuonja ugonjwa huu. Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo wakati wa kuyeyushwa huanza kuoza kutoka ndani, taratibu, miaka na miaka. Dalili yake ni nyufa, tena nyufa zinazogawanyika kama tope lililokauka, na kiungo chenyewe hutanuka mpaka skrubu hazikai sawa. Huo hauna dawa. Unachoweza ni kuupunguzia kasi kwa kuweka kitu pakavu na pa baridi.

Chukua taa na kioo cha kukuzia, angalia mguu. Kama ni unga tu, ukipitisha kijiti cha meno unatoka na chini yake unaona chuma kizima, basi mshukuru Mungu, ni ugonjwa wa kwanza. Vaa barakoa, chukua brashi laini kama ile ya watoto ya kuchorea, ondoa unga ukiwa mkavu. Palipong'ang'ania tumia kijiti cha mti, kamwe usitumie kisu. Kisha pamba iliyoloweshwa kidogo sana kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kujazia betri (hakikisha umeuziwa maji, usije ukachukua asidi), ufute na kukausha hapo hapo. Rangi iliyovimba usiitoboe. Mahali ambapo chuma kimebaki uchi paka nta safi, utando mwembamba tu, ufute kwa kitambaa cha pamba. Kazi imeisha. Haling'ai, lakini limeacha kuliwa.

Baada ya hapo ni malazi yake. Watu wengi hutumia pesa kwenye usafishaji kisha wanarudisha kitu pale pale kilipougulia. Tafuta kontena ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, tena viwe vingi, na uvibadilishe mara kwa mara. Usilifunge kwenye gazeti. Karatasi ile ina asidi na wino wake unahama. Usiliweke kwenye kabati jipya la mbao za kubandwa kwa gundi, hata kama lina kioo kizuri, kwa sababu mbao hizo hutoa mvuke unaoshambulia zinki. Juani pia hapana: plastiki nyeupe itageuka manjano kama meno ya mvutaji. Na ile ngumi iliyobaki, kama inarushwa kwa springi, usilaze roboti ikiwa imeshindiliwa ndani. Iachie, uiweke pembeni. Springi iliyokandamizwa miaka mingi inachoka, siku utakayobonyeza kitufe ngumi itadondoka miguuni pake badala ya kuruka.

Kuhusu uasili wake. Kuna mtu atakuambia ujaribu sumaku, kwamba ikinata ni chuma halisi na isiponata ni bandia. Usimsikilize. Sumaku hainati kwenye zinki kama ambavyo hainati kwenye plastiki. Itanata kwenye skrubu na springi basi. Kwa hiyo roboti la asili kabisa litashindwa mtihani huo. Jaribio bora ni mkono wako mwenyewe. Liguse asubuhi kabla jua halijapanda: sehemu za zinki zitakuwa baridi, za plastiki hazitakuwa. Gonga kwa ukucha usikie. Kwenye roboti la Kijapani la wakati ule uzito umekaa mwilini na miguuni ili lisimame imara. Nakala za bei rahisi, na zilitengenezwa nyingi bila kibali katika Taiwan, Hong Kong na Korea Kusini, mara nyingi zina chuma kiduchu kifuani na plastiki nyepesi kwingine kote.

Halafu geuza uangalie mgongoni na chini ya nyayo, ukiwa na taa ya pembeni ili maandishi yatoe kivuli. Unatafuta neno POPY, na mara nyingi JAPAN. Popy ilikuwa kampuni tanzu ya Bandai, kampuni ya vichezeo ya Japani, iliyoanzishwa 1971, na mwaka 1983 ikarudishwa ndani ya Bandai. Kwa hiyo ukiona POPY kwenye chuma kilichozeeka kama hicho, hesabu ya miaka inakubaliana na hadithi ya mjomba wako. Ukiona BANDAI peke yake, na viungo vinapinda kwenye magoti na viwiko kwa ulaini, basi kuna uwezekano mkubwa ni la kizazi kipya kiitwacho Soul of Chogokin, kilichoanza 1997, na hapo itabidi tuulize upya lilifikaje nyumbani. Ukiona jina Goldorak au Goldrake usishtuke ukadhani ni la bandia. Ni Grendizer yule yule: Wafaransa walimwita Goldorak, Waitalia wakamwita Goldrake.

Sasa nije kwa rafiki yako, maana amegusa jambo ninalolipenda kuliko yote.

Anasema katuni zilikuwa matangazo ya vichezeo. Ana haki nusu. Ila nusu aliyoiacha ndiyo inayotufanya tukeshe tukibishana juu ya maroboti haya mpaka leo. Kabla ya 1972 Wajapani walikuwa na roboti kubwa tayari. Mitsuteru Yokoyama alianza kumchora Tetsujin 28 mwaka 1956, lakini lile liliongozwa kwa rimoti, mtoto amesimama mbali na kiboksi mkononi. Mchoraji mwingine, Go Nagai, akaja na wazo jingine. Amesimulia mwenyewe kwamba lilimjia akitazama foleni ya magari: je, kama gari moja lingeota miguu likawaruka mengine? Dereva yumo ndani. Likazaliwa Mazinger Z, lililoanza kurushwa Fuji TV tarehe 3 Desemba 1972, likaenda vipindi 92. Kijana Koji Kabuto anakuja na chombo kidogo kinachoruka, anatua utosini mwa roboti la mita 18, na kuanzia hapo mwili wa roboti ni mwili wake. Kila mtoto aliyewahi kukaa mapajani mwa baba yake akashika usukani anaielewa raha hiyo bila kufafanuliwa.

Popy walikuwa wanatazama. Mwaka 1973 wakatoa Mazinger Z wa plastiki wa sentimita sitini hivi, mkubwa kama mtoto anayejifunza kutembea, mwili wake wa plastiki nyembamba kama chupa ya shampuu. Mwaka uliofuata wakafanya kinyume: mdogo, wa zinki, mzito mfukoni, ngumi zinaruka. Wakamwita Chogokin, jina la ile aloi ya ajabu ambayo ndani ya hadithi Mazinger ametengenezwa kwayo. Namba yake ni GA-01. Tafakari hapo kidogo. Mtoto amesikia kwenye televisheni kwamba shujaa wake ni wa chuma kisichopenyeka, kisha anakabidhiwa kitu baridi, kizito, na boksi linamwambia hiki ndicho chuma chenyewe. Biashara ipo, sikatai. Lakini uzito ule mkononi haukuwa uongo.

Na kichezeo nacho kikaanza kuifundisha katuni. Getter Robo ya 1974 ilikuwa na ndege tatu zinazoungana kuwa roboti; mpangilio ukibadilika linatoka roboti lingine. Kwenye mchoro ni uchawi mtupu: vyuma vinayeyuka na kunyooka kama ugali mikononi. Kwenye zinki haiwezekani. Ndipo 1976 ikaja Combattler V, ambayo magari yake matano yalibuniwa tangu mwanzo kwa namna ambayo kichezeo kiweze kuungana kweli, hatua kwa hatua, jinsi yanavyoungana kwenye kioo. Katsushi Murakami, mbunifu wa Popy, alihusika sana katika maroboti ya namna hii. Mchoraji sasa alilazimika kuheshimu bawaba. Binafsi naona kizuizi hicho kilizifanya katuni ziwe bora, kwa sababu mtoto aliweza kuishika mantiki ya lile roboti kwa vidole vyake na kugundua kwamba halimdanganyi.

Mwambie rafiki yako pia habari ya Ufilipino. Voltes V, iliyofuata Combattler V mwaka 1977, ilipendwa huko vibaya sana. Mwaka 1979 Rais Ferdinand Marcos akaipiga marufuku pamoja na katuni nyingine za maroboti, vikiwa vimebaki vipindi vichache tu hadithi iishe. Sababu iliyotolewa ni ukatili. Lakini hadithi ile ilimalizika kwa watu wanaonyanyaswa kuuangusha utawala wa dhuluma, na watoto wa Ufilipino waliokua bila kuuona mwisho wake hawakusahau. Tangazo la vichezeo halimsumbui rais.

Na kama bado hajaridhika, mpe Gundam. Ilianza Aprili 1979, kazi ya Yoshiyuki Tomino, na ndani yake maroboti ni silaha za jeshi tu, vita haina malaika upande wowote. Mdhamini alikuwa kampuni ya vichezeo iitwayo Clover. Vichezeo havikuuzika kama ilivyotarajiwa, mfululizo ukakatwa ukaishia kipindi cha 43. Kwa hesabu ya rafiki yako hadithi ingekufa hapo, maana tangazo limeshindwa. Haikufa. Watazamaji waliendelea kuidai, ikarudiwa, Bandai wakatoa roboti za plastiki za kujiundia Julai 1980, za kipimo cha 1/144 kwa yen 300, na madukani watoto wakawa wanapanga foleni. Hadithi ndiyo iliyokiokoa kichezeo safari hii.

Grendizer wa mjomba wako yuko katikati ya historia hii. Alitoka studio ya Toei kuanzia Oktoba 1975 hadi Februari 1977, vipindi 74. Ukitaka kujua kwa nini alivuka bahari kuliko Mazinger aliyemtangulia, sahau pembe na sahani yake ya kurukia, mtazame rubani. Duke Fleed ni mwana wa mfalme wa sayari iliyoangamizwa na majeshi ya Vega. Amekimbia na roboti lake, amefika duniani, amelelewa na Dakta Umon kama mwanawe, anafanya kazi shambani na farasi na kuficha alikotoka. Ni mkimbizi. Kila anapopigana anaitetea nchi ya ugenini kwa sababu ya kwao hakuweza kuitetea.

Ufaransa ilianza kumwonyesha Julai 1978 na watoto wakarukwa na akili. Mwezi Januari uliofuata Goldorak alikuwa kwenye jalada la gazeti la Paris Match. Lakini kwa mjomba wako mlango ulikuwa Beirut. Huko, nchi ikiwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, waigizaji wa Lebanon waliitia katuni hii sauti kwa Kiarabu fasaha. Jihad al-Atrash alikuwa sauti ya Duke Fleed, na Sami Clark, aliyefariki Februari 2022, aliimba ule wimbo ambao Waarabu wa rika hilo wakiusikia leo wanasimama walipo. Kutoka Beirut kanda zikasambaa nchi nyingi za Kiarabu mpaka Ghuba.

Ndiyo maana nikisoma kwamba limetoka Muscat, kwangu hiyo ni nusu ya thamani yake. Baada ya 1970 familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Zanzibar na pwani yetu zilihamia Oman, na jamaa zao wa huku wakaenda kutafuta kazi. Zilikuwapo nyumba ambazo watoto walikuwa wakizungumza Kiswahili na mama jikoni na kusoma Kiarabu shuleni. Mkimbizi mwenye pembe za dhahabu anayezungumza Kiarabu fasaha, kwa watoto wa namna hiyo, hakuwa mgeni. Wakusanyaji wa Tokyo wana maroboti safi kuliko lako. Habari ya namna hii hawana. Kaa na binamu zako, waulize lilinunuliwa duka gani, walilitazama wapi, wakililia zamu vipi, uandike na uweke karatasi hiyo pamoja na roboti. Na ukitaka kujua mapenzi yale yamefika wapi, mwaka 2022 Riyadh walisimamisha sanamu yake ya chuma yenye mita 33.7. Ndani ya hadithi Grendizer ana mita 30. Wamemwongezea.

Thamani ya pesa nitaipita haraka. Lisilo na boksi, ngumi moja, pembe imekatika, miguu inaumwa: ni roboti la kupendwa, si la kukujengea nyumba. Ukitaka kujua bei, usiangalie mtu anaomba shilingi ngapi, angalia limeuzwa kwa ngapi. Tazama minada iliyokwisha, na maduka kama Mandarake, ambayo makao yake ya asili ni jengo la Nakano Broadway mjini Tokyo. Utahitaji maneno matano ya Kijapani, na haya yatakuokoa kuliko kitabu chochote. *Tojimono* ni kitu cha wakati wake, cha miaka ile. *Fukkoku* ni toleo lililorudiwa baadaye. Zuri, lakini si la zamani, na bei yake haifanani. *Ketsuhin* maana yake kuna kitu kimekosekana, ngumi au kombora. *Mikaifu* halijafunguliwa. Na *janku* ni kile unachokifikiria: muuzaji anakuambia mapema kwamba usimlaumu.

Boksi linaweza kuzidi bei ya roboti lenyewe, kwa sababu watoto wote duniani walitupa boksi. Angalizo moja kwa watakaobahatika kuwa nalo: lile stairofomu jeupe la ndani hugandana na plastiki laini likikaa nayo kwa muda, mafuta ya plastiki yanahama na kuliyeyusha. Tenganisha kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi.

Kuhusu kuanza kukusanya, ushauri wangu wa kwanza ni kutazama kabla ya kununua. Anza na Grendizer mwenyewe, hata vipindi kumi, usikie jinsi sahani inavyopaa na ngumi inavyozunguka kabla ya kuruka. Ukitaka kulinganisha, lipo toleo jipya la 2024, Grendizer U, ambalo kampuni ya Manga Productions ya Saudi Arabia imehusika nalo. Ukinunua roboti usilolijua, baada ya miezi sita litakuwa vumbi na gharama.

Kisha chagua kijia chembamba. Mtu anayetaka kila kitu huishia na lundo. Jiulize unapenda nini: maroboti ya Go Nagai tu? Yanayoungana? Au yaliyobadilishwa jina yakivuka bahari? Hiki cha mwisho kina utamu wake. Transformers wa 1984 ambao pengine uliwaona utotoni walitoka kwenye vichezeo vya Diaclone na Microman vya kampuni ya Kijapani ya Takara; Hasbro wa Marekani aliwapa majina na hadithi mpya. Voltron yule wa simba watano alikuwa GoLion wa 1981 huko kwao. Ukishika njia hii, roboti lako la Muscat linakuwa la kwanza kwenye rafu na lina sababu ya kuwa hapo.

Kwa mikono yako kujifunza bila kuumiza kitu cha zamani, nunua Gundam wa kujiundia, wale wa Bandai wanaotengenezwa Shizuoka. Yale ya daraja la kuanzia yanatoka kwenye fremu kwa mkono, bila koleo, bila gundi, bila rangi, vipande vyenyewe vimekuja na rangi zake. Utajifunza kiungo kinavyokaa, plastiki inavyokubali na inavyokataa, na ukivunja kitu hujavunja kumbukumbu ya mtu. Ukiagiza kutoka nje piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla ya kubonyeza, hasa kwa ya zinki. Uzito unaoupenda wa roboti hilo mkononi ndio utakaoulipia kwenye mzani.

Pembe iliyokatika iache. Zipo pembe za kuchapishwa kwa mashine za kisasa, na ukitaka siku moja kuiweka, fanya hivyo kwa namna inayotoka, bila supaglu, na uandike kwamba si yake. Mpaka hapo pembe iliyokatika ni ya binamu yako aliyeliangusha sakafuni, na ni haki yake ibaki.

Ngumi ni habari nyingine. Usiinunue bado. Ngumi za maroboti haya zinarushwa na springi, na springi mpya ya mwaka 1980 ilikuwa na nguvu. Haziendi mbali, zinaenda chini ya vitu. Kabla hujatafuta Tokyo, mwombe shangazi yako ruhusa ufungue lile kopo la biskuti la vifungo na nyuzi ambalo hakuna nyumba ya pwani isiyokuwa nalo. Kisha nenda nyuma ya kabati kubwa la chumba walicholala watoto, pale ambapo fagio halifiki, ukiwa na tochi. Na ukiwa na tochi hiyo hiyo mkononi, lipige picha chini ya wayo wa kushoto unitumie, nisome kama imeandikwa POPY.